Ramani ya kesho imechorwa kwa nukta za jana

Ripoti nyingi za mabadiliko ya tabianchi zina ukurasa mmoja ambao kila mtu huufungua kwanza: ukurasa wa ramani mbili. Ya kushoto ni ya leo, kijani kimetanda milimani. Ya kulia ni ya mwaka 2070 au 2080, kijani kimebaki madoa. Chini yake pana jina la mmea kwa Kilatini. Mfadhili huinukuu, ofisa huibandika kwenye wasilisho lake, na gazeti huandika kwamba mmea huo utatoweka ifikapo mwaka fulani. Wanaouliza ramani ile imechorwa kwa kutumia nini ni wachache.

Niseme mapema ninaposimama. Ramani hizi ni kazi halali ya kisayansi na ningezitetea mbele ya yeyote anayezibeza. Lakini kwa mimea iliyo hatarini zaidi, hasa ya milima ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani yetu, udhaifu wake hauko kwenye kompyuta. Uko kwenye nukta chache zilizokusanywa na watu waliopanda milima kwa miguu, na kwenye vipimajoto ambavyo havijawahi kuwekwa pale mmea unapoishi. Kila mwaka tunapata hesabu kali zaidi, na kila mwaka tunazilisha chakula kile kile.

Mfano uliozipa ramani hizi umaarufu ni wa kahawa. Mwaka 2012 Aaron Davis wa bustani ya Kew, Tadesse Woldemariam Gole wa Ethiopia na wenzao walichapisha utafiti kuhusu mbuni wa arabika wa porini, ule unaoota wenyewe chini ya miti mikubwa kusini-magharibi mwa Ethiopia, kwenye uwanda wa Boma huko Sudan Kusini na mlima Marsabit nchini Kenya. Walichukua mahali panapojulikana kuwa na mbuni huo, wakapima tabianchi ya kila mahali, kisha wakauliza: ikifika 2080, ni pangapi patabaki na tabianchi ya namna hiyo? Katika hali nafuu kabisa, asilimia 65 ya mahali hapo pangekuwa hapafai tena. Katika hali mbaya kabisa, karibu pote.

Takwimu hizo zilizunguka dunia, na kwa haki. Arabika ya mashambani ilitoka katika kundi dogo la mimea, na akiba ya vinasaba vya kukabili magonjwa na joto imo katika misitu ile. Mwaka 2019 kazi iliyofuata ilionyesha jambo lenye uzito wa kisheria zaidi: bila kuhesabu mabadiliko ya tabianchi, arabika ya porini ingewekwa katika daraja la mimea isiyo na wasiwasi kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, lakini ukiyahesabu, inaingia daraja la mimea iliyo hatarini kutoweka. Yaani modeli inaweza kuuhamisha mmea kutoka daraja moja hadi jingine, na daraja ndilo linalofungua milango ya fedha na ulinzi. Chombo chenye nguvu hiyo kinastahili kufunguliwa na kuangaliwa ndani.

Ndani yake hamna muujiza. Unaanza na orodha ya nukta, latitudo na longitudo za kila mahali mmea ulipowahi kuonekana. Unaziweka juu ya tabaka za tabianchi. Zinazotumika sana ni za WorldClim, zilizoigawa nchi kavu yote ya dunia katika vipande vya mraba vya takriban kilomita moja, kila kipande kikiwa na sifa 19: wastani wa joto la mwaka, joto la mwezi mkali kuliko yote, mvua ya miezi mitatu mikavu zaidi, na kadhalika. Programu inajifunza mchanganyiko wa sifa unaoupendeza mmea. Kisha unaondoa tabaka za leo, unaweka za mwaka 2070 zilizotoka kwenye modeli za tabianchi ya dunia, na kuiuliza programu ipake rangi upya.

Programu iliyoenea kuliko zote, MaxEnt, ilitangazwa mwaka 2006 na Steven Phillips na wenzake wawili, na siri ya kupendwa kwake ni kwamba haidai kujua mahali mmea usipokuwepo. Inatosheka na mahali ulipoonekana, ikipalinganisha na maelfu ya nukta zilizochaguliwa kibahati tu katika eneo zima. Hilo liliwafaa watu wa mimea, kwa sababu hazina zao zote zimejaa taarifa za kuwepo. Hakuna mtu aliyewahi kukausha na kubandika kwenye karatasi mmea ambao hakuuona.

Hazina hizo ndizo hebaria: makabati ya mimea iliyokaushwa, kila karatasi na lebo yake. Ya Nairobi, kubwa kuliko zote katika ukanda wetu, ilianzia Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo yake. Nyingine ziko Ulaya, na hapo pana jeraha ambalo watengeneza ramani hulisahau: sampuli nyingi sana za enzi za Wajerumani zilipelekwa Berlin, na mwezi Machi 1943 hebaria ya Berlin iliteketea kwa mabomu. Kwa baadhi ya mimea ya Tanganyika, karatasi ya kwanza kabisa, ile iliyobeba jina na mahali, iliungua usiku huo.

Sasa shika lebo ya kawaida iliyosalimika. Ina jina la mkusanyaji, namba yake, mwezi na mwaka, jina la mlima au la shamba la mlowezi, na mwinuko uliokadiriwa. Nyingine imeandikwa "Usambara", basi. Kijana anayeingiza data lazima aigeuze lebo hiyo kuwa nukta, kwa hiyo anatafuta jina lililo karibu kwenye ramani na kubonyeza hapo. Kwenye tambarare za Tabora, kukosea kilomita tano si neno. Kwenye mteremko wa mashariki wa Uluguru, kilomita tano zinaweza kukutoa kwenye migomba na kukufikisha msitu wa ukungu, mita 1,000 juu zaidi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Kosa la lebo, basi, ni nyuzi sita. Hakuna makadirio ya kawaida ya karne hii yanayouzidi sana mkorogo huo: tunataka kupima mabadiliko ya nyuzi mbili au nne kwa rula inayoyumba kwa nyuzi sita.

Halafu kuna swali la nani alikwenda wapi. Amani imekusanywa kwa zaidi ya miaka mia moja kwa sababu palikuwa na kituo, barabara na kitanda cha kulala. Safu za Rubeho na Nguu, zilizo katika tao lile lile, zimekusanywa kidogo mno. Programu haijui habari za vitanda. Ikiona nukta 40 Amani na moja Nguu, inahitimisha kwamba mmea unaipenda tabianchi ya Amani, kumbe waliopenda Amani ni wanabotania. Zipo njia za kupunguza upendeleo huo, na Philip Platts na wenzake walionyesha mapema, mwaka 2008, jinsi unavyoyumbisha ramani za miti ya Tao la Mashariki. Lakini njia za hesabu hupunguza tu. Haziwezi kubuni safari ya Rubeho ambayo haikufanyika.

Upendeleo wa aina nyingine ni mgumu zaidi kuuona, na mfano mzuri uko Kwale na Kilifi. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, ni vipande vidogo ambavyo wazee wa kaya wamevilinda kwa mila wakati misitu iliyovizunguka ikifyekwa. Mimea adimu ya pwani imebaki humo. Kaya nyingi ziko juu ya vilima, kwa sababu zilikuwa ngome. Ukiipa modeli nukta za leo, itajifunza kwamba mmea unahitaji tabianchi ya kilimani. Haitajua kwamba zamani uliota hata bondeni, na kwamba kilichouweka kilimani ni mwiko wa kukata kuni wala si mvua. Mwanaikolojia G. Evelyn Hutchinson aliwahi kutofautisha, mwaka 1957, kati ya nafasi ambayo kiumbe kingeweza kuishi na ile inayobaki baada ya washindani kukisukuma. Kwetu msukumaji mkuu ni panga na moto. Modeli iliyojengwa juu ya mabaki huona mabaki, na huyaita mahitaji.

Kuna pia kanuni ya kimya ambayo huamua mengi. Watafiti wengi hukataa, na kwa busara, kutengeneza modeli kwa spishi yenye nukta chini ya kumi au hivi. Lakini spishi adimu ni adimu kwa sababu hiyo hiyo. Platts na wenzake walilionyesha kwa vyura wa Afrika kusini mwa Sahara: ukiwaondoa wenye maeneo finyu kwa sababu ya uchache wa data, ramani ya vipaumbele vya uhifadhi inahama na kuwaelekea viumbe walioenea, yaani wale wasiohitaji msaada sana. Na wanaoachwa nje ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuumizwa na tabianchi. Mbinu za kupambana na uchache huo zipo. Mwaka 2007 Richard Pearson na wenzake walijaribu mijusi wa Madagaska kwa nukta tano tu, nao walikuwa wakweli kusema kwamba ramani inayotoka inaonyesha mahali panapofanana na pale palipokusanywa, si mipaka ya spishi. Tahadhari hiyo hupotea ramani inapofika kwenye muhtasari wa watunga sera.

Tabaka za tabianchi nazo zina mambo yake, ingawa nitayapitia haraka. Vituo vya hali ya hewa ndani ya misitu yetu ya milimani ni vya kuhesabu. Thamani ya kipande kilicho kati ya kituo na kituo hukisiwa kwa kufuata mwinuko na umbali. Ukungu unaonaswa na majani na kudondoka haumo kwenye kipimamvua. Modeli za dunia zina vipande vya kilomita mia moja au zaidi, hivyo safu nzima ya Usambara na nyika ya Mkomazi huweza kuwa kipande kimoja. Na kwa ukanda wetu kuna kitendawili ambacho wataalamu wa hali ya hewa hawajakimaliza: modeli nyingi zinasema masika yataongezeka, ilhali vipimo vya miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 vilionyesha masika yakipungua. Kuhusu joto modeli zinakubaliana. Kuhusu mvua ya Machi hadi Mei, ambayo ndiyo uhai wa mimea hii, hazikubaliani hata kama ni kuongeza au kutoa. Ramani iliyotoka kwenye modeli moja tu ya dunia, kwa mmea wa Afrika Mashariki, mimi siisomi.

Jambo ninalotaka kukaa nalo ni dogo kwa kimo. Chukua Saintpaulia, ua la zambarau lililopo kwenye madirisha ya nyumba nyingi Ulaya na Marekani. Lilitoka kwetu: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, alimpelekea baba yake mbegu, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Siku hizi limewekwa ndani ya jenasi ya Streptocarpus, lakini watu wake wanaendelea kuliita jina la zamani. Porini linaota kuanzia Usambara, Nguru na Uluguru hadi vilima vya Kilifi, na aina moja inajulikana Mbololo tu, katika vilima vya Taita.

Ukilitafuta, usitazame msitu, tazama jiwe. Linashikilia ufa wa mwamba wenye kivuli, mara nyingi kando ya kijito, mizizi yake ikiwa ndani ya udongo usiojaza kiganja, majani yake yenye manyoya yakiwa yamelala juu ya jiwe lenye unyevu. Upande wa pili wa mwamba ule ule, unaopigwa na jua la saa nane, hakuna hata mche mmoja. Tofauti ya makazi yanayofaa na yasiyofaa ni mita moja.

Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kimewekwa kwenye uwanja wa wazi, mita moja na nusu au mbili kutoka ardhini, ndani ya sanduku jeupe. Mwaka 2019 Pieter De Frenne na wenzake walikusanya vipimo kutoka misitu ya mabara mbalimbali na kukuta kwamba joto la juu la mchana chini ya miti ni pungufu kwa takriban nyuzi nne kuliko uwanjani. Nyuzi nne! Kwa Saintpaulia, kukata miti mitatu mikubwa iliyo juu ya mwamba wake kunaleta kwa siku moja joto ambalo modeli inalitarajia baada ya miaka hamsini au zaidi. Kinyume chake pia ni kweli, na ndilo tumaini: msitu uliofungamana unaweza kuukinga mmea dhidi ya sehemu kubwa ya joto ambalo ramani ya kilomita moja inasema litaufikia. Ramani inaweza kukosea kwa kuogopesha mno na kwa kutuliza mno, katika kipande hicho hicho.

Anayetaka ushahidi mkali zaidi aende Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa. Maporomoko ya mto Kihansi yalikuwa yakirusha manyunyu juu ya hekta chache za korongo, na katika manyunyu hayo aliishi chura mdogo asiyepatikana pengine popote duniani. Mwaka 2004 korongo hilo hilo lilitoa jina la mbuni wa porini, Coffea kihansiensis. Mtambo wa umeme ulipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya maji iliingizwa kwenye mahandaki. Mvua ya mwaka haikubadilika, wala joto la mwaka. Sifa zote 19 zilibaki vilevile kwenye kompyuta, na manyunyu yakakoma. Ilibidi kuweka mabomba ya kunyunyizia kwenye korongo. Chura alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, akarudishwa mwaka 2012 kutoka kwenye bustani za wanyama za Marekani. Hakuna modeli ya tabianchi ambayo ingeliona jambo hilo, kabla wala baada.

Wakosoaji wa upande wa pili wataniambia modeli hupimwa, na zinapata alama nzuri. Ni kweli, na hapa pana mchezo mdogo ambao msomaji anapaswa kuujua. Kipimo kinachoripotiwa zaidi hutazama kama modeli inaweza kutenganisha nukta za mmea na nukta za kibahati. Ukichukua mmea wa Usambara na kuulinganisha na nukta za kibahati za Tanzania nzima, nyingi zitaangukia Dodoma, Singida, Shinyanga. Modeli yoyote, hata ya kijinga, itajua kwamba msitu wa ukungu si Dodoma, na itapata alama karibu na moja kamili. Swali gumu ni kutenganisha korongo lenye mmea na korongo la jirani lisilo nao. Alama ya swali hilo ni nadra kuiona kwenye ripoti.

Kuhusu kuhama, hesabu ya kwanza ni rahisi. Joto likiongezeka nyuzi mbili, mmea unaotaka kubaki katika joto lake la zamani lazima upande kama mita 330. Udzungwa na Uluguru, zenye vilele vinavyopita mita 2,500, zina nafasi hiyo. Usambara Mashariki haina: kwa sehemu kubwa inaishia chini ya mita 1,300, na kilele chake cha juu kabisa kinacheza kwenye mita 1,500. Mmea wa mita 1,200 pale unapanda kidogo, kisha mlima unakwisha. Kutoka hapo kwenda mlima mwingine ni kuvuka nyika, mashamba na barabara, na mbegu za mimea mingi ya chini ya msitu huanguka hatua chache tu kutoka kwa mama.

Miti mikubwa ina tatizo la kimya zaidi. Mkulo, Ocotea usambarensis, mti wa mbao uliokatwa mno Usambara na Kilimanjaro, hujizalisha zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu. Ukisimama chini ya mkulo wa karne moja, unaona nukta yenye afya. Kompyuta nayo inaona hivyo. Lakini mti ule ulichipua katika tabianchi ya karne iliyopita. Hautuambii kama mche wa leo ungepona. Ningependa kuona modeli zinazojengwa kwa miche peke yake, na ramani zake zikiwekwa kando ya za miti mizee. Mahali zitakapotofautiana ndipo penye habari.

Hoja ya kuisaidia mimea kuhama, kuipanda sisi wenyewe pale ramani inaposema patafaa, inazidi kusikika. Siikatai, ila Amani ina onyo lake. Maesopsis eminii, mti wa kwao kando ya Ziwa Victoria na magharibi zaidi, uliletwa Amani kwa nia njema ya kupata mbao. Ukakubaliana na mahali kuliko ilivyotakiwa. Hondohondo wanakula matunda yake na kuzisambaza mbegu, na misitu iliyokatwa miaka ya nyuma imejaa mti huo badala ya miti ya asili. Kwa vigezo vya modeli, ule ulikuwa utabiri uliofaulu: tabianchi ilifaa.

Nimezishambulia ramani vya kutosha. Sasa niseme zinapong'ara. Mwaka 2003 Christopher Raxworthy na wenzake walitengeneza modeli za vinyonga wa Madagaska. Baadhi ya ramani zilionyesha maeneo yanayofaa mahali ambapo vinyonga wale hawakuwahi kuonekana. Kwa kipimo cha kawaida hayo ni makosa. Walipokwenda kupekua maeneo hayo walikuta spishi saba za vinyonga ambazo sayansi haikuwa ikizijua. Uswisi nako Antoine Guisan na wenzake walitumia ramani kuamua wapi pa kutafuta mmea adimu wa Alpi, Eryngium alpinum, wakaukuta mahali papya kwa jasho pungufu kuliko kuzurura tu. Halafu, na hili ndilo muhimu, nukta mpya zilirudishwa kwenye modeli, na ramani ya pili ikawa bora kuliko ya kwanza.

Hiyo ndiyo kazi ambayo ramani hizi zinaifanya kwa uaminifu: kuamua gari la utafiti lielekee wapi Jumatatu. Pwani ya kusini ya Tanzania inaihitaji sana. Mti wa Karomia gigas ulifahamika kwanza huko Kilifi, na wa Kilifi ukakatwa. Ukaonekana tena Kilwa mwaka 1993, ukahofiwa umekwisha, na wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena mwanzoni mwa muongo wa 2010, miti ya kuhesabika kwa vidole. Jirani yake, Erythrina schliebenii, aliandikwa mwaka 1998 kuwa ametoweka, akapatikana mwaka 2001, kisha mwaka 2008 msitu alimopatikana ukafyekwa ili kulima zao la nishati mimea. Fikiria vizuri: spishi iliyokaribia kumalizwa na shamba lililolimwa kwa jina la kuiokoa tabianchi. Modeli ya mwaka 2080 isingekuwa na tabaka la kulionyesha hilo. Kwa mti wenye nukta mbili au tatu haiwezekani kutabiri lolote la maana kuhusu 2080. Inawezekana kutafuta, kwa picha za setilaiti, vipande vya msitu vyenye mawe na udongo wa aina ile, na kuvipekua kimoja kimoja kabla ya mwenye trekta.

Na pale ramani inapogeuka mpaka, kuna watu ndani yake. Derema, Usambara Mashariki, wakulima wa iliki walitolewa msituni ili kuunganisha vipande vya misitu, na manung'uniko kuhusu fidia yaliendelea miaka mingi. Shamba la iliki linadhuru msitu, kwa kuwa hufyeka miche yote ya chini na kuacha miti mizee bila warithi. Lakini mtu anayeambiwa aondoke kwa sababu ya kijani cha mwaka 2070 ana haki ya kuuliza ni nukta ngapi zilizokichora, za mwaka gani, na nani alikwenda kuthibitisha. Mara nyingi yeye mwenyewe anajua mmea ule unaota wapi kuliko hebaria yoyote iliyoulizwa.

Kwa hiyo, kwa wanaogawa fedha za utafiti wa mimea iliyo hatarini, ombi langu ni la kibajeti. Kwa kila shilingi ya kuchora, nyingine iende kutembea. Vipimajoto vidogo vinavyojiandikia vyenyewe si ghali siku hizi. Vifungwe kwenye nyufa za Mbololo na makorongo ya Uluguru, kwenye kimo cha majani, viachwe miaka mitatu. Safari za kwanza ziende Rubeho na Nguu, masika yakiisha, maua yanapotoka. Kiongozi wa msitu anayejua majina ya miti kwa Kishambaa au Kikaguru aandikwe kwenye lebo pamoja na mkusanyaji, kwa jina lake kamili, ili miaka arobaini ijayo mtu ajue familia ya kwenda kuiuliza. Na siku ambayo kikosi kitapekua korongo zima bila kuuona mmea, hilo nalo liandikwe: tarehe, mwinuko, saa zilizotumika, "hatukuuona". Modeli zetu hazijawahi kuwa na nukta za namna hiyo za kutosha, na nukta hizo hazihitaji hata kabati.